Vinia, birika na mafuta ya nazi

Fundi aliugonga mlango wa kabati kwa ukucha, polepole, kuanzia juu kushuka chini, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Ko, ko, ko. Alipofika chini, usawa wa birika la umeme, sauti ikageuka: pu. Akarudi juu, ko. Akashuka tena, pu. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akazungushia mstari pale palipolia pu. Duara lilitoka na ukubwa wa kisahani cha chai. Mimi siku zote nilikuwa nikiona kilengelenge tu, kama cha mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia.

"Mama," akaniuliza bila kugeuka, "hapa chini huwa unaweka nini?"

Birika lilikuwa pale pale mbele yetu sote wawili, na mvuke wa maji niliyomchemshia chai yeye mwenyewe ulikuwa bado unapanda na kuulamba mlango. Sikuwa na la kumjibu. Miaka minane lile birika limekaa chini ya kabati lile, kwa sababu hapo ndipo soketi ilipo.

Hii ilikuwa Januari 2024. Nilikuwa nimeahirisha kumwita tena fundi tangu aliponikatalia Julai, mpaka zikaja zile mvua za El Nino za mwisho wa 2023, nyumba ikawa mbichi kila kona, nguo hazikauki, chumvi inalia maji kwenye kopo, na milango yangu ya jikoni ikaanza kuvimba. Ndipo nikasema basi. Na kwa kuwa nimezaliwa Mombasa, nikalelewa na watu wanaojua mbao, niliona aibu kidogo. Nilikuwa na orodha yangu ya wakosaji kichwani, na mimi sikuwemo.

Jikoni yetu ilijengwa 2016 tulipohamia South C, hapa Nairobi. Baba watoto alitaka milango ya mahogani tupu. Tukaenda Ngong Road, kule mafundi wanakopanga vitanda na makochi kando ya barabara, akapewa bei, akanyamaza mpaka tukafika nyumbani. Wiki iliyofuata tukakubaliana na fundi mmoja atutengenezee milango ya MDF, ubao wa kiwandani, iliyobandikwa vinia ya mahogani, yaani ganda jembamba la mbao hiyo. Ilipofungwa ilinifurahisha mno. Nyuzi za mbao zilikuwa zinapanda kutoka droo za chini hadi makabati ya juu kama moshi wa udi, na hakuna milango miwili iliyofanana. Nikawa najisifu kwa wageni kwamba jikoni yangu ni ya mahogani. Si uongo, ila si kweli yote, na ile nusu niliyoificha ndiyo iliyonigharimu.

Fundi huyu wa pili, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinionyesha kile ninachokiita mbao ni nini hasa. Alifungua bawaba, akaushusha mlango ulioumia zaidi, akaulaza juu ya meza ya kulia, akabandua kwa ncha ya kisu kipande cha vinia kilichokuwa kimeshaachia pembeni. Akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu kilichokauka.

"Toa kadi yako ya benki," akaniambia. Nikatoa. Akaviweka sambamba. Kadi ilikuwa nene zaidi. Vinia nyingi za siku hizi zina unene wa kama nusu milimita hivi, wakati kadi ya benki inakaribia robo tatu ya milimita. Hiyo ndiyo mahogani yangu yote. Chini yake ni gundi, na chini ya gundi ni MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Juu yake kuna ngozi nyingine ya laka ambayo huioni kabisa, na kumbe hiyo ndiyo niliyokuwa nikiosha miaka yote. Sikuwahi kuosha mbao hata siku moja. Siku maji yanapoigusa mbao yenyewe, ujue ngozi imeshatoboka.

Kwa asiyejua kama yake ni vinia ya kweli, mzee alinifundisha njia rahisi. Washa kamera ya simu, isogeze karibu, ukuze picha. Mbao ya kweli ina vitundu na mifereji midogo isiyojirudia. Malamini, ile karatasi ya picha ya mbao, utaona vidoti vya wino, na ukitazama milango mitatu minne utakuta jicho lile lile la mti limejirudia. Ile ya karatasi haipigwi msasa kamwe, ukiisugua picha inatoka na habari yake imeisha.

Sasa niwataje wakosaji wangu.

Wa kwanza alikuwa mama yangu. Alikuja kutoka Mombasa mwaka 2017 kunilea uzazi wa kitinda mimba wangu, akakaa siku arubaini na ziada. Siku moja nikiwa nimelala na mtoto nikasikia harufu ya nazi hadi chumbani. Nikatoka. Namkuta amejifunga leso, chupa ya mafuta ya nazi mkono mmoja, kipande cha leso kuukuu mkono wa pili, anaipaka milango mmoja baada ya mwingine.

"Mbao haiachwi ikakauka hivi, mwanangu. Mbao yataka mafuta."

Na kwao ni kweli. Nyumba aliyokulia ina mlango wa mvule uliochongwa kabla yeye hajazaliwa, na kila kabla ya Idi ulikuwa ukifutwa na kupakwa mafuta. Majahazi yenyewe yakipakwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, ili mbao isiliwe na maji ya bahari. Lakini mlango wa mvule ni mbao nzima, wazi, ina vinyweleo vya kunywea. Yangu ilikuwa imefunikwa laka, mafuta hayana pa kuingia. Halafu mafuta ya nazi hayakauki. Mafuta ya kitani ukiyapaka kwenye mbao yanashika hewa, yanakauka na kuwa ngozi. Ya nazi yanabaki mafuta tu, leo, kesho na mwezi ujao. Milango ilimeremeta siku tatu. Baada ya hapo vumbi la South C likaikalia, moshi wa vitunguu ukaikalia, na kufika mwezi wa pili ukiweka kidole unasikia kinanata. Harufu nayo ikachacha.

Sikumwambia mama. Ungemwambiaje?

Wa pili alikuwa dada aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumbani. Huyu nilimkuta akiutoa ule utando kwa upande wa kijani wa sponji, ule mkwaruzo wa sufuria, na poda ya kusugulia masinki. Nilimfokea. Jioni yake nikakumbuka kwamba asubuhi nilimwambia mwenyewe, "Dada, isugue mpaka itoke." Alisugua mpaka ikatoka. Mlango wa kabati la vikombe hadi leo ukiutazama kwa ubavu, jua la alasiri likiwa linaingia dirishani, unaona mizunguko ya mkono wake, duara juu ya duara, dhidi ya nyuzi za mbao. Mikwaruzo inayokwenda sambamba na nyuzi hujificha, inayozikata haijifichi.

Wa tatu ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na mimi nikageuka askari wa usafi. Kila jioni, kabla ya kulala, nilipita na kitambaa. Vishikio nilivipulizia sanitaiza. Milango nikaifuta kwa maji yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na sikukamua kitambaa vizuri, kwa sababu niliamini kadiri inavyolowa ndivyo wadudu wanavyokufa. Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka.

Mzee alipoviona vishikio alicheka kwa pua. Kuzunguka kila kishikio palikuwa na wingu jeupe, na laka ilikuwa laini kiasi kwamba ukucha uliacha alama. Laka ya kawaida ya mafundi wetu haipatani na spiriti, na sanitaiza ni spiriti tupu kwa sehemu kubwa. Tayari pale penye vishikio ndipo laka inapochoka mapema, maana jasho na mafuta ya vidole huilainisha polepole. Mimi nikaongezea spiriti kila usiku.

"Huu mlango haujachoka," mzee akasema. "Umechoshwa."

Lakini dhambi niliyoificha zaidi ilikuwa ile niliyofanya kuificha hiyo. Nilipoona mawingu meupe nilinunua supamaketi kopo la kupuliza la kung'arishia fanicha, lenye harufu ya ndimu, na kila Ijumaa nikawa napuliza na kufuta. Inang'aa vizuri sana. Nilidhani nailisha mbao. Hailishi kitu, mengi ya makopo yale yana silikoni, na silikoni inakaa juu na kuingia kwenye kila ufa. Ubaya wake hauuoni mpaka siku unapotaka kupaka laka upya.

Siku hiyo niliiona kwa macho yangu. Mzee alisafisha mlango mmoja wa majaribio, akaupiga msasa kidogo, akachovya brashi, akapaka. Laka ilitandazika vizuri kama sekunde tano. Kisha ikaanza kukimbia. Vishimo vidogo vya duara vikafunguka hapa na pale, kila kimoja na ukingo wake, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Mafundi huviita macho ya samaki, na kwa kweli ulionekana kama mlango mzima unanitazama.

"Umepaka nini humu?"

Nikamwonyesha kopo. Akalisoma kwa miwani yake ya uzi, akalirudisha mezani, akaenda dirishani akasimama kidogo. Hakunikemea. Aliiondoa laka yote mbichi kwa thina, akaufuta mlango kwa tapentaini mara nne, kila mara kwa kitambaa kipya, kisha akapaka mkono mmoja mwembamba wa shelaki, aina ya vanishi, kuizuia silikoni iliyobaki isipande juu, na ndipo laka ikakubali kukaa. Kazi ya siku moja ikawa siku tatu. Kopo lile sikulitupa mara moja, maana lilikuwa nusu, ila nalo halijarudi jikoni.

Kuna mkosaji mwingine ambaye sikumtarajia kabisa, na aliyemfichua ni binti yangu wa kidato cha tatu. Alikuwa mezani na daftari la kemia wakati mzee akisema jikoni yangu ina maji mengi hewani. Nikasema mimi sichemshi maji kutwa nzima. Binti akasema, "Mama, gesi yenyewe inatoa maji." Nikamwambia asinichekeshe. Akaandika. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Gramu 44 za propani zikiungua zinatoa gramu 72 za maji. Butani nayo inatoa zaidi ya uzito wake mara moja na nusu. Kwa hiyo mtungi wetu wa kilo 6, mpaka unaisha, unakuwa umemwaga hewani zaidi ya lita 9 za maji kama mvuke, kabla hujahesabu mvuke wa ugali na wa maharagwe. Mtungi wa kilo 13 unatoa lita 20 na kidogo, ule mtungi wa maji ya kunywa wanaoupandisha ngazi kwa bega. Nilikaa kimya nikiitazama dari. Miaka yote nimekuwa nikipika dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi.

Mvuke huo unapanda, unakutana na mlango wa juu ulio baridi, hasa Julai, mji huu unapokuwa na ubaridi wa kujikunyata na mawingu hayaondoki, na unageuka matone. Matone yanateremka mpaka ukingo wa chini wa mlango na kuning'inia hapo. Na hapo ndipo tulipomkuta fundi wa kwanza.

Mzee aliniambia niweke simu chini ya mlango wa kabati la sinki, kamera ikitazama juu, nipige picha. Nikapiga. Mbele ya mlango vinia imelala vizuri, pembeni kumebandikwa ukanda wa vinia, lakini ukingo wa chini, ule usioonwa na mtu aliyesimama, ulikuwa MDF mtupu, hauna ukanda wala tone la laka. Ulikuwa umevimba na kupasukapasuka kama mkate wa sinia ulioloweshwa kwenye chai. Milango kumi na sita, yote vivyo hivyo. Yule fundi aliokoa laka kidogo sana, labda nusu kopo.

MDF ikishavimba hairudi. Ule unga ulishindiliwa kwa nguvu kiwandani, maji yakishaufungua umefunguka. Milango miwili ya chini ya sinki ilibidi itengenezwe upya. Nilipouliza bei ya mahogani tupu, nikijifanya nina ujanja, mzee akanikumbusha kwamba tangu serikali ilipofunga ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018 bei ya mbao kwake imekuwa ikipanda tu, na lile tangazo la kuufungua la mwaka 2023 yeye hajaliona kwenye risiti. Mahogani anayonunua, anasema, inatoka Congo kwa lori. Tukarudi kwenye vinia.

Ile milango iliyobaki aliikata ukingo uliovimba kwa milimita chache, akaupiga msasa, akaupaka laka mikono mitatu, na mkono wa kwanza MDF iliunywa wote kama mchanga. Kama kuna jambo moja ningelifanya tofauti 2016, ni kuupiga picha ule ukingo kabla ya kumaliza kumlipa fundi.

Turudi kwenye lengelenge. Nilitaka sana kuona anavyolitibu, kwa hiyo nilivuta kiti. Kwanza aliomba pasi yangu ya nguo. Akaiweka moto wa kati, bila mvuke, akatandika karatasi ya kaki juu ya lengelenge na kitambaa cha pamba juu yake, akapitisha pasi sekunde chache, akainua, akagusa kwa kiganja, akapitisha tena. Kisha haraka akabandika kipande cha mbao bapa na kukikandamiza kwa uzito wa mwili wake mpaka pakapoa. Gundi nyeupe ya mafundi, akaniambia, inalainika kwa moto na inashika tena ikipoa. Akagonga kwa ukucha: ko. Mlango wa kwanza umepona.

Mlango wa pili, wa karibu na jiko, alipasi mara mbili na bado ukalia pu. Akazima pasi. Vinia ile ilikuwa imebandikwa kwenye ubao kiwandani kwa gundi ya aina nyingine, isiyolainika kwa joto ikishakauka, na kuendelea kupasi kungeiunguza laka tu. Akachukua wembe mpya, akachana lengelenge mstari mmoja mfupi, sambamba na nyuzi ili kovu lipotee ndani yake. Kwenye mfuko wake alikuwa na bomba la sindano la duka la dawa. Akavuta gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo sana, akaingiza ncha chini ya vinia, kushoto, kisha kulia, akabonyeza kwa kidole gumba kutoka pembeni kuelekea kwenye mchano. Gundi iliyozidi ikachungulia kama maziwa. Akaifuta kwa kitambaa kibichi papo hapo, maana gundi ikikauka juu ya mbao inaziba vinyweleo na pale patabaki doa. Karatasi ya nailoni, ubao, vibano viwili, na mlango ukalala mezani mpaka kesho yake. Usiku ule tulikula tukiwa tumeshika sahani mapajani.

Kuhusu msasa nina neno, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoua vinia. Binamu yangu wa Embakasi alikodi mashine ya kusugulia mbao wikendi moja, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amefika kwenye MDF katika milango mitano. Nusu milimita haihitaji mashine. Mzee alitumia namba 320, mkono mtupu, msasa umefungwa kwenye kipande cha mbao. Kabla ya kuanza alichora penseli nyepesi juu ya mlango mzima, mistari ya ovyo ovyo kama mtoto wa chekechea. Alisugua mpaka mistari ikaisha, akaacha. Hakuongeza hata mara moja. Penye pembe hakubonyeza kabisa, maana pembeni ndiko vinia inakotoboka kwanza.

Nikamwambia kwetu pwani msasa ni mti, majani yake ni makavu na ya kukwaruza, mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao, na jina likahamia kwenye karatasi. Akasema hakulijua hilo. Nilifurahi kumfundisha na mimi kitu kimoja.

Laka ilipakwa barazani, si jikoni. Thina na mwali wa gesi havikai chumba kimoja. Na alisisitiza tufanye Januari, jua likiwa kali na hewa kavu, kwa kuwa laka ikipakwa siku ya unyevu inanasa maji inapokauka na kugeuka nyeupe kama kioo kilichopumuliwa. Mwaka uliotangulia nilimpigia mwezi wa Julai akanikatalia kazi, nikadhani ananiringia.

Mlango wa kando ya dirisha haukupona rangi. Kulikuwa na kalenda imetundikwa juu yake miaka, na ilipotolewa chini yake palikuwa na mstatili wa rangi nyingine kabisa. Jua linabadilisha mbao hata ndani ya laka. Mzee alisema tuuache, mwaka mmoja miwili patakaribiana. Tukauacha. Sasa situndiki kitu.

Usafi wa siku hizi ni mdogo kuliko wa zamani, na hilo limenichukua muda kulizoea, maana nimelelewa kuamini usafi ni jasho. Kila siku ninafuta kwa kitambaa kikavu cha fulana kuukuu pale mafuta yaliporukia, kabla hayajakaa. Mafuta ya kukaangia yakikaa kwenye joto yanageuka utando wa njano kama gundi, na huo ndio unaowafanya watu wakimbilie poda. Jumamosi nachukua beseni la maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Kitambaa nakikamua mpaka hakidondoshi, mpaka nikikipiga kofi hakirushi tone. Nafuta kufuata nyuzi. Nyuma yake kitambaa cha pili cha maji matupu, kimekamuliwa vile vile, na nyuma yake cha tatu kikavu. Mlango mmoja unamalizwa ndipo unaenda wa pili. Ukiosha yote kumi na sita halafu urudi kukausha, wa kwanza umeshakunywa. Kukausha kuna faida nyingine kwetu, kwa sababu wiki za mgao tunanunua maji ya kisima, na yakikaukia juu ya laka yanaacha vidoti vyeupe vya chumvi.

Siki siitumii, ingawa kila mtu ananishauri, kwa sababu asidi yake inaififisha laka taratibu. Kwenye vishikio, utando ukigoma, naweka kitambaa cha sabuni kimekamuliwa juu yake dakika moja, si zaidi, kisha nafuta. Na kila baada ya miezi michache nadondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana. Likikaa duara kama shanga, laka ni nzima. Siku likitandazika na mbao kuwa nyeusi chini yake, nitamwita mzee bila kungoja El Nino nyingine.

Birika limehamia karibu na dirisha, na dirisha linafunguliwa kila jiko likiwashwa, vumbi na liingie. Soketi ya huko ililetwa na fundi wa stima kwa nusu siku. Nusu siku!

Mama alikuja tena mwaka jana. Akapita jikoni, akaitazama milango, akaipapasa. "Umeipaka nini?" akauliza. Nikamwambia laka. Akanusa kidole, akasema haya, ila ingetiwa mafuta kidogo ingependeza zaidi. Nikampa mkoba wake wa kusuka wenye mpini wa mbao uliopauka, na chupa ya mafuta ya nazi, akakaa barazani nao mpaka magharibi.

Juzi usiku niliingia jikoni kunywa maji, nikakuta kitambaa cha vyombo, kibichi, kimetundikwa juu ya mlango mpya wa kabati la sinki, maji yake yameshaanza kuchora mstari kuteremka kwenye vinia. Dada wetu wa sasa alikuwa kwao tangu Ijumaa. Watoto walikuwa wamelala. Nikakitoa, nikaufuta mlango kwa pindo la kanga, nikauinamia nikaugonga kwa ukucha. Ko. Nikaugonga tena chini kidogo.